Redio yangu huimba Jumapili tu, siku nyingine inanuna

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 53, naishi Tanga na mke wangu, watoto wawili wanaosoma, mama mkwe, na mpwa wangu wa miaka 20, mtoto wa dada yangu. Ni msimamizi wa zamu kwenye korona ya mkonge, yaani mtambo wa kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, upande wa mashine na chumba cha brashi, Jumatatu hadi Jumamosi. Mwaka huu natimiza miaka 22 kazini.

Sinywi, sivuti, sina nyumba ndogo. Starehe yangu ni redio. Siyo hizi sabufa za siku hizi zenye taa za rangi. Nazungumzia amplifaya ya Kijapani, mashine ya santuri, na spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni. Niliuziwa na baharia mmoja mwaka 1994, nikalipa kwa miezi saba. Santuri ninazo karibu 80, nyingi za dansi la hapa kwetu, za enzi za bendi za Atomic na Jamhuri, na taarabu kidogo ya mama watoto.

Sasa sikiliza ajabu yake. Jumapili asubuhi, nikishakunywa chai, naweka santuri na redio inaimba. Gitaa la solo linachomoza kushoto, tarumbeta ziko nyuma kidogo, manyanga unayahesabu punje kwa punje. Hata mwimbaji akivuta pumzi namsikia. Jumatatu jioni narudi kazini, naoga, naweka santuri ileile, sindano ileile, nobu zote palepale, na sauti inatoka kama imo ndani ya mtungi. Manyanga hayapo. Besi imesinyaa. Jumanne hivyohivyo, mpaka Jumamosi. Jumapili inafufuka. Hali hii ina mwaka sasa.

Nilimwita fundi. Alikuja Jumapili, na redio ikaimba mbele yake bila haya. Hata hivyo akaifungua, akatikisa kichwa, akasema kapasita, vile vidude vya ndani vinavyotunza umeme, zimechoka na transista nazo si za kuamini. Anataka 380,000, na ananishauri ninunue stabilaiza kwa sababu umeme wa mtaani kwetu jioni ni mdogo. Kweli ni mdogo, taa zinafifia friji ikiwaka.

Ila mimi nina mshukiwa wangu. Huyu mpwa anasoma umeme wa majumbani kwenye chuo cha ufundi, ada nalipa mimi. Anapenda singeli. Mara mbili nimemkuta ameunganisha simu yake kwenye amplifaya yangu kwa waya. Alisema, "Mara mbili tu, mjomba, nisamehe." Mimi nadhani anaipigisha mchana kutwa, inachemka, mimi nikirudi naikuta hoi. Ushahidi ninao: sikukuu ya Idd alikwenda kwa mama yake Lushoto siku tano. Siku zote tano nilishinda nyumbani na redio iliimba asubuhi na jioni. Aliporudi, ikanuna. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Nimefunga kabati la redio kwa kufuli wiki ya tatu sasa. Jioni bado inanuna. Nadhani kijana amechongesha ufunguo.

Mke wangu aliniambia, "Baba, labda ni masikio yako." Shangazi, neno hilo lilinichoma, sikusema naye siku mbili. Mimi nasikia. Kazini nasikia mashine ikianza kukwama kabla ya vijana wote.

Dada yangu anakuja mwisho wa mwezi. Nimkabidhi mwanawe aondoke naye? Na hizo 380,000, ambazo kwa kweli ndizo ada ya muhula ujao, nimpe fundi? Au niiuze redio yenyewe nipumzike?

Mwenye Redio, Tanga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mwenye Redio. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilicheka peke yangu nilipofika kwenye ule ufunguo wa kuchongesha. Nisamehe. Nimecheka kwa sababu nimewahi kuishi na mtu kama wewe. Marehemu mume wangu alikuwa akigusa kitambaa cha spika kwa nyuma ya kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kwa hiyo sitakuambia kwamba redio ni kitu kidogo. Najua si kidogo.

Ngoja nione kama nimekuelewa. Chombo ni kilekile, santuri ni zilezile, lakini siku sita jioni kinanuna na siku moja asubuhi kinaimba. Fundi anasema ugonjwa umo ndani ya amplifaya au kwenye umeme. Wewe unasema ni mpwa wako. Mkeo anasema ni masikio. Na ada ya kijana, heshima ya dada yako na amani ya chumbani vyote vimening'inia kwenye jibu.

Nianze na ushahidi wako wa Idd, maana umenikaa kichwani. Siku tano kijana hayupo, redio inaimba. Sawa. Lakini siku hizo tano, wewe ulikuwa wapi? Umeandika mwenyewe: ulishinda nyumbani. Mashine za mkonge zilikuwa kimya, au angalau zilikuwa mbali na wewe. Aliporudi kijana kutoka Lushoto, na wewe nadhani ulirudi kazini. Watu wawili waliondoka mahali pao siku zilezile, na wewe umemhesabu mmoja tu. Sikuambii aliyebaki ndiye mkosaji. Nakuonyesha tu kwamba Idd haiwezi kukuamulia.

Na kufuli? Wiki tatu kabati limefungwa na jioni bado ni mtungi. Mtu mwingine angesema, basi si kijana. Wewe umesema ana ufunguo. Baba, tukishafika mahali ambapo kufuli likizuia ni ushahidi na lisipozuia ni ushahidi, inabidi tukae chini tunywe maji.

Sasa tuzungumze redio yenyewe. Mimi si fundi, lakini kwa miaka mingi niliwakaribisha mafundi chai, na katika kusikiliza nikajifunza mawili matatu.

La umeme lina ukweli wake. Umeme wa nyumbani kwetu unatakiwa uwe volti 230 hivi. Jioni kila nyumba inawasha taa, feni, pasi na jiko, na mtaa ulio mbali na transfoma unabaki na makombo. Amplifaya ya zamani kama yako, volti zikishuka sana, nguvu yake hupungua, na ngoma ikipigwa kwa kishindo sauti hupasuka. Lakini angalia neno hilo: hupasuka, tena ukiwa umefungua sana. Wewe hujalalamikia mpasuko. Umelalamikia mtungi. Na kwa sauti ya kiasi amplifaya hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake, kwa hiyo umeme uliopungua kidogo huwa hauionei sana. Inawezekana umeme unachangia. Kabla ya kununua stabilaiza, lakini, mtu na apime.

Kuhusu kapasita, fundi hajakosea kwamba huzeeka, na yako imeshavuka miaka 30. Swali langu kwake lingekuwa hili: kapasita iliyochoka Jumatatu inapata wapi nguvu Jumapili? Kuna ugonjwa unaojitokeza chombo kikipata joto tu, huo upo. Lakini ungeusikia pia Jumapili, baada ya santuri ya tatu au ya nne. Yako inanuna tangu sindano inapogusa. Ukitoa 380,000 huenda ukapata amplifaya nzuri zaidi na jioni zilezile.

Kuna jambo jingine ambalo wewe hukuligusa ila mimi naliona kati ya mistari: jioni watoto wanasoma, mama mkwe yupo, nyumba ina watu. Umesema nobu zote zipo palepale. Na ile ya sauti? Nina hakika jioni unaipunguza, hata kama mkono unafanya hivyo bila kukuuliza. Sikio la binadamu lina tabia: sauti ikiwa ndogo, besi hupotea kwanza, na zile sauti nyembamba za juu nazo hufifia, hata kama spika imezitoa zote sawasawa. Fletcher na Munson, wataalamu wawili wa Marekani, walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1933, na ndiyo sababu amplifaya nyingi za rika la yako zina kitufe cha kunyanyua besi pale unaposikiliza kwa sauti ya chini. Kitafute. Labda hujakigusa tangu baharia alipokukabidhi.

Halafu kuna kelele za nyumba. Feni ikivuma, friji ikinguruma, bodaboda zikipita dirishani, sauti nyororo za kwenye santuri humezwa hapo hapo. Pumzi ya mwimbaji haiwezi kushindana na feni. Na kiti je? Jioni unakaa kwenye kiti chako cha Jumapili, au mama mkwe amekikalia nawe umesogezwa pembeni? Usicheke. Wimbi la besi la mizunguko 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, sebule yetu ya kawaida hailitoshi, hivyo besi hujirundika penye kuta na pembe, na sehemu nyingine inakosekana kabisa. Ukihama mita moja tu unaweza kudhani umebadilishiwa spika.

Haya yote ni ya kweli na kila moja huenda linakula kipande chake. Lakini manyanga, Mwenye Redio. Nimeyarudia tena na tena yale manyanga unayoyahesabu Jumapili na ambayo Jumatatu hayapo.

Ndani ya sikio mna vinywele vidogo mno vinavyopokea sauti. Vikipigwa na kelele kubwa kwa saa nyingi vinachoka, kama miguu baada ya kusimama kutwa, na mtu anatoka kazini masikio yamefunikwa bila kujua. Hakuna maumivu. Akipumzika, usiku mzima au siku moja mbili, vinarudi. Sauti zinazoanza kupotea mara nyingi ni zile za juu, karibu na mizunguko 4,000 kwa sekunde, na humo ndimo yanamokaa manyanga, ncha ya gitaa, na herufi kama s na f katika maneno ya watu. Ndiyo maana mtu wa namna hii husema, "Nasikia, ila nyinyi mnamumunya maneno." Na ndiyo maana anaweza kuisikia mashine ikianza kukwama kabla ya vijana wote: mngurumo ni sauti nzito, na sikio lake limeufahamu kwa miaka 22. Kwa hiyo wewe na mkeo mnaweza kuwa wakweli wote wawili. Kikomo cha kelele kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kila zikiongezeka 3, muda wa usalama unakatwa nusu. Kipimo cha mtu asiye na chombo ni hiki: mkiwa kazini, ikiwa inabidi umpigie kelele mwenzio aliye umbali wa mkono ili akusikie, mmeshavuka.

Sijakupima, siwezi kukuambia masikio yako yako hivi au vile. Ila kuna njia ya kujua bila kumkasirikia mtu. Tafuta redio ndogo ya betri. Mama mkwe lazima anayo, sisi wanawake wa umri huu hatuikosi. Itie betri mpya. Jumatatu alfajiri kabla hujatoka, chumbani, feni imezimwa, weka stesheni ya mazungumzo na ushushe sauti mpaka unayashika maneno kwa shida. Tia alama ya wino kwenye nobu. Jioni ukirudi, chumba kilekile, feni imezimwa, rudisha nobu kwenye alama. Ukiyashika maneno kama alfajiri, basi masikio yako yana nafuu na tuendelee kuisaka redio. Usipoyashika, kumbuka redio hiyo haijui umeme wa mtaa wala haijapigishwa singeli. Awepo mtu wa pili asikilize pamoja nawe alfajiri na jioni, tusije tukaisingizia nafsi yako kosa la stesheni. Na rudia siku tatu nne, siku moja haitoshi.

Nafikiri kuna hofu ambayo hukuiandika. "Labda ni masikio yako" halikukuchoma kwa sababu ni tusi. Huenda lilichoma kwa sababu una miaka 53, na kazini watu wanakutegemea. Ukienda kupimwa hospitali na likaonekana jambo, je, utaonekana umechakaa? Ni hofu ya haki na sitaikejeli. Kukaa kimya nako kuna bei: vile vinywele vikichoshwa kila siku, ipo siku havirudi tena, kwa binadamu havioti upya, na hapo hata Jumapili itakuwa mtungi. Kudai vizibo au vifunika masikio si kuomba hisani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Huenda vipo stoo na hakuna anayevaa, nimesikia visa vya hivyo pia. Wewe ni msimamizi, vijana wa brashi wanakutazama wewe. Utakavyolipeleka jambo hilo ofisini unajua mwenyewe, maana mimi siwajui mabosi wako.

Sasa kijana. Hapa nakuomba utenganishe vitu viwili. Kwamba aligusa chombo chako bila ruhusa, hilo limetokea, amekiri, na una haki ya kukasirika. Kwamba anakiua kila siku kwa siri, hilo bado ni dhana, naye hajasikilizwa. Asiyekuwepo na lake halipo, na katika barua yako yote mpwa wako ana sentensi moja tu, tena ya kuomba msamaha.

Ukimkabidhi kwa mama yake, unaweza kupata utulivu wa siku chache. Lakini atakuwa ameondoka na jina la mharibifu, chuo kimekatika katikati, na dada yako atabeba mzigo alioutua kwako kwa sababu wewe ni mjomba. Na kama Jumatatu inayofuata redio itanuna tena, utamwita arudi? Ukimbakiza bila kusema naye, kila jioni mtatazamana kama paka na chui. Njia nyingine ni kumwekea saa yake, tuseme Jumamosi mchana, aweke hizo singeli zake kwa sauti utakayomruhusu, na siku nyingine mkono mbali. Ina hatari yake: huenda akazidisha, vijana ni vijana, na koili ya spika ikiungua, imeungua. Wewe ndiye unayemjua tabia.

Kuhusu kuiuza, sitasema usiuze, mali ni yako. Nakuuliza tu, ukishaiuza, masikio utarudi nayo wapi jioni?

Hela za ada naona zisubiri. Kapasita zilizongoja miaka 30 zitangoja wiki mbili, isipokuwa ukinusa kuungua au ukisikia mngurumo mpya, hapo chomoa waya ukutani.

Jambo la mwisho, na hili ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu. Unamlipa fundi aje akisie umeme wa jioni, na ndani ya nyumba yako analala kijana anayesomea umeme kwa hela yako. Bila shaka ameshafundishwa kutumia mita. Mwombe apime volti kwenye tundu la redio saa mbili usiku siku za kazi, na Jumapili saa tatu asubuhi, aandike kwenye daftari. Na awe ndiye mtu wa pili wa kusikiliza ile redio ya betri pamoja nawe. Kabati itabidi ulifungue ili afike kwenye tundu.

Mkeo naye mwambie umeanza kupima. Sidhani utahitaji kueleza zaidi.

Na dada yako akifika kabla hamjamaliza daftari, mkaribishe, mpe chai, umwambie mwanawe ana kazi hajaimaliza.